Hotuba Juu ya Kuta za Jumba Letu



Sisi wa Kamati ya Majengo twasimama mbele yenu kwa habari ya jumba hili. Mmeona ya kuwa upande unaopigwa na mvua, matofali yameanza kumeguka. Wanachama wengine wametaka fedha zetu zitumike kuupaka ukuta wote saruji. Twaomba mtusikilize kabla ya kukata shauri.

Wazee waliotutangulia waliyaunganisha matofali haya ya kuchoma kwa chokaa na mchanga. Tofali la namna hii hunywa maji ya mvua, na chokaa, kwa kuwa ni laini, huuacha unyevu utoke jua liwakapo. Saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe, wala haipitishi unyevu kwa urahisi. Viungo vikizibwa kwa saruji, unyevu hutokea katika tofali. Chumvi iliyomo hukauka chini ya uso wake, na uso hubanduka. Tazameni pale palipozibwa kwa saruji zamani: saruji ingali nzima, bali matofali ya kandokando yamekuwa unga.

Asiwepo wa kusema chokaa ni dhaifu. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya mawe na chokaa, nayo ingali imesimama.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, mifereji ya bati itengenezwe, na udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Maji yasipozuiwa, kazi nyingine yote ni bure. Pili, viungo vilivyooza vichokolewe kwa patasi na mkono mwepesi, kina cha sentimeta 2 na nusu, vioshwe, kisha vijazwe chokaa fungu 1 kwa mchanga mafungu 3. Tatu, vifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa, visikauke kwa haraka. Nne, tofali lililokufa litolewe, litiwe jingine lililo laini kama wenzake.

Kazi hii ni ya polepole, wala haitang'aa machoni kama lipu mpya. Lakini hapa ndipo watu wazima wasomapo usiku, na ndipo michango ya wafiwa ikusanywapo. Jumba la pili hatuna. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa una kizibo chake.

Twawaomba mpitishe fedha hizo leo, kabla ya mvua kubwa.