HOTUBA YA KATIBU WA KWAYA: TURUDISHE NYIMBO ZETU



Baba Paroko, mwenyekiti wa kwaya, mwalimu wetu, waanzilishi mlioketi viti vya mbele, wazazi, ndugu na dada: nawasalimu katika furaha ya miaka 50 ya kwaya yetu hapa Karungu.

Neno yubile tumelipata kwa Wayahudi. Kwa Kiebrania, yovel ni pembe la kondoo dume. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaagiza baragumu lipigwe mwaka wa hamsini, na kila mtu arudi kwenye shamba la ukoo wake. Yubile basi ilitangazwa kwa ala ya muziki, na kazi yake ilikuwa kurudisha kilichopotea.

Hata sisi, kila Jumapili tunaimba Kiebrania. Haleluya maana yake ni msifuni Mungu. Hosana ni kilio cha kuomba wokovu. Zaburi ya 118 tunayoiimba Pasaka, Wayahudi nao huiimba katika Pasaka yao, na tena katika Hanuka, sikukuu ya siku nane inayokaribiana na Krismasi yetu. Wanakumbuka Hekalu lilipotabarukiwa upya. Someni Wamakabayo wa Kwanza, sura ya 4: siku hiyo waliimba kwa vinubi, vinanda na matoazi. Kwa lugha ya leo, hiyo ni kwaya na okestra.

Msidhani watu hao wako Yerusalemu tu. Ukivuka mpaka pale Busia ukapita Tororo, unafika Mbale. Huko mwaka 1919 Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi kutoka Buganda, alisoma Biblia kwa makini akaamua kufuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Wanaitwa Abayudaya. Wanaimba zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania, kwa mahadhi ya kwao.

Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Wachache walisali kwa siri. Amin alipoondolewa mwaka 1979, walikuwa wamebaki mamia tu. Miaka ya 1980 vijana wao waliiinua jamii hiyo tena, na nyimbo zikawa sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 2003 Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo zao, nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nyimbo hizo zilifika huko kwa sababu kuna mzazi aliyemwimbia mwanawe wakati kuimba kulikuwa hatari.

Sasa nijiulize mimi, ambaye sijakatazwa na mtu.

Mwaka juzi tulimzika mama mmoja wa alto. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anaukumbuka vizuri wimbo wa kuingilia wa Krismasi waliouimba waanzilishi kwa Dholuo. Mara mbili aliniambia, "Mwalimu, njoo nikuimbie uandike." Mara mbili nikamjibu, "Baada ya mitihani, mama." Simu yenye kinasa sauti ilikuwa mfukoni mwangu. Leo tunao ubeti mmoja na kiitikio. Zilizobaki zimekwenda naye. Naomba msamaha kwa familia yake na kwa kwaya hii.

Ndiyo maana leo mtasikia kitu kipya ambacho kwa kweli ni cha zamani. Orutu itapigwa karibu na kinanda, pamoja na ngoma na kayamba. Najua wapo waliosema orutu ni ya pombe na matanga. Nawaheshimu, lakini Zaburi ya 150 inataja baragumu, nyuzi, matari na matoazi, wala haiulizi chombo kililala wapi jana. Wimbo wa kwanza ni ule ubeti mmoja wa mama yetu. Tutauimba mara mbili, kisha tutanyamaza kidogo pale palipokuwa na beti nyingine.

Wazee wetu, ninawaomba jambo moja. Kuanzia Jumamosi ijayo, kabla ya mazoezi, tutakaa na wawili wenu chini ya mwembe. Nyinyi mtaimba, vijana watarekodi, mwalimu ataandika noti, nami nitaandika maneno. Ninyi wa besi mnaotoka kuvua omena usiku, tutawangoja. Kama kuna mtu hapa anayekumbuka beti zilizopotea, hata mstari mmoja, asiondoke leo bila kuniona.

Na nyinyi vijana, msingoje mitihani iishe. Mitihani haiishi.

Mungu aibariki kwaya yetu, awapumzishe kwa amani wote waliotutangulia, na katika yubile hii kila wimbo urudi nyumbani kwake.