MADARAJA YA LESENI KWA MAGARI YA UKUBWA WA KATI
(Matini ya mazungumzo kwa madereva)



Wapo vijana wa Visiwani wanaovuka kwenda Bara kutafuta riziki ya udereva. Inafaa waelewe mapema kwamba leseni za huko hutolewa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kanuni zake.

Uchukuliwe mfano wa Itigi, mkoani Singida. Mji huo upo kando ya Reli ya Kati, na katika eneo lake huchimbwa jasi. Kutoka hapo barabara moja huelekea Tabora, na nyengine hupita Rungwa kwenda Mbeya. Dereva mmoja aweza asubuhi kupakia mizigo, na jioni akaombwa na tajiri mwengine kushika usukani wa basi dogo la abiria. Magari mawili hayo hukaribiana kwa ukubwa, lakini leseni zake ni mbalimbali.

Daraja B ni la magari madogo yasiyo ya biashara. Daraja D huruhusu magari mengine pia, isipokuwa pikipiki, magari mazito na magari ya abiria wa kulipa. Daraja E huongeza magari mazito; mwombaji hutakiwa awe ameshika daraja D kwa muda usiopungua miaka 3. Hata hivyo, E nayo haimruhusu mtu kubeba abiria wa kulipa.

Abiria wana madaraja yao. C2 ni ya gari lenye nafasi zaidi ya 4 lakini zisizofika 15. C1 ni ya nafasi 15 au zaidi lakini zisizofika 30. C ni ya nafasi 30 na kuendelea, kwa aliyekwisha kushika C1 au E kwa miaka isiyopungua 3.

Kwa hivyo, kinachotazamwa si ukubwa wa gari peke yake, bali na kile kinachobebwa. Akosaye kulitambua hilo hukabiliwa na mashtaka. Na ajali ikitokea, bima yaweza kukataa madai, kwa kuwa huandikwa kwa sharti kwamba dereva awe na leseni ya gari lile. Hapo watakaoumia ni majeruhi na watoto wa marehemu.

Madereva wanakumbushwa kusoma herufi za leseni zao kabla ya kupokea ufunguo, na wenye magari waziulize kabla ya kuutoa. Majuto ni mjukuu.