Kumlaki Anayekuja: Tumaini la Kurudi kwa Yesu Mishamo

Wahubiri hupenda kusema kwamba Mkristo ni mpitaji duniani. Mahali pengi neno hilo ni fumbo. Katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo lilikuwa hali ya kisheria kwa zaidi ya miaka 30.

Makazi hayo, ambayo sasa yamo katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi walihamishiwa huko kutoka Ulyankulu, Tabora, ambako watu walikuwa wameizidi ardhi. Walifyeka msitu, wakalima mahindi na maharage. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti kati yao mwaka 1985 na 1986, aliwakuta wakiuhesabu ukimbizi kuwa kipindi cha majaribu, ambacho kingefikia mwisho siku ya kurudi nyumbani. Walingoja, na walipokuwa wakingoja walilima.

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania ilifungua mlango wa uraia. Katika makazi matatu ya zamani, yaani Katumba, Ulyankulu na Mishamo, takriban watu wanne kati ya kila watano walichagua kubaki Tanzania. Watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia, ingawa vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014 tu, baada ya mvutano mrefu kuhusu iwapo wangetawanywa katika mikoa mingine.

Mafundisho ya siku za mwisho hayana budi kuiheshimu historia hiyo. Mtu aliyengoja miaka mingi kiasi hicho ili aitwe mwenyeji asiambiwe kanisani kwamba shamba lake, shule ya kijiji na kura yake ni mambo ya njiani.

Paulo mwenyewe hakufundisha hivyo. Katika 1 Wathesalonike 4 anasema waamini watamlaki Bwana, na neno la Kigiriki analotumia, apantesis, lilifaa hasa kwa wenyeji waliotoka nje ya mji kumpokea mgeni mkubwa na kuingia naye. Luka analitumia katika Matendo 28: ndugu wa Rumi walitoka hadi Soko la Apio kumlaki Paulo, kisha safari ikaendelea kuelekea mjini mwao. Kila mwanakijiji aliyewahi kutoka hadi barabarani kumpokea mgeni wa heshima anaielewa picha hiyo bila kamusi. Anayelaki ni mwenyeji. Ana mahali pa kumkaribisha mgeni wake.

Wathesalonike wengine waliacha kazi, na barua ya pili, sura ya 3, inawarudisha kazini kwa ukali. Ukali huo una sababu, na siku zetu zimeionyesha. Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, baada ya mwisho wa dunia uliotabiriwa kwa mwaka 1999 kutotokea. Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Vifo hivyo vilitanguliwa na mambo ambayo jirani angeweza kuyaona: mali kuuzwa, watoto kutolewa shuleni, kazi kuachwa. Mchungaji anayeona hayo yakianza asisubiri tarehe itajwe.

Hata hivyo, sura ya 4 ya barua ya kwanza haikuandikwa kwanza kwa ajili ya wapiga hesabu za miaka. Iliandikwa kwa waliofiwa, ambao walihofu kwamba ndugu zao waliokufa wakingoja wangeikosa siku hiyo. Mishamo ina makaburi ya namna hiyo: wazee waliofukiwa huko kabla ya kurudi Burundi, na kabla cheti chochote hakijaandikwa majina yao. Kwao jibu la Paulo ni wazi. Waliolala hawataachwa nyuma. Watafufuka kwanza, kutoka katika udongo huohuo wa Mishamo walimozikwa, na walio hai watakwenda kumlaki Bwana pamoja nao.