Soko Lilifungwa, Nyumba Je?



Watoto wetu wa shule hupelekwa Unguja kuonyeshwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambapo leo pamesimama kanisa kuu la Waanglikana. Hurudi wakiujua mwaka 1873, Sultani Barghash alipolifunga. Ni vema, lakini tumewafundisha nusu. Mwaka ule lilifungwa soko na kukatazwa kusafirisha watumwa baharini. Waliokwisha kununuliwa walibaki majumbani mwa mabwana zao. Unguja walingoja sheria hadi mwaka 1897, Tanganyika hadi 1922. Wengi wa hao hawakufungwa minyororo: walifagia ua, walipika, walibeba watoto.

Nasi tunapowasimulia wanetu haya, ni nani aliyetuandalia chai? Pengine ni binti aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa. Hatusemi kila mtumishi wa ndani ni mtumwa, la hasha. Wako wanaolipwa vizuri na kwenda kwao wapendapo. Bali yule asiyelipwa, anayenyimwa nauli, asiyeruhusiwa hata kuja Misa, tumwiteje?

Mtume Paulo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo, mtumwa wake, kama ndugu. Tuangalie waraka ule ulipelekwa kwa nani: kwa mtu ambaye kanisa lilikusanyika nyumbani mwake. Humo waamini walisali, na humo humo mtumwa alitumika.

Basi makatekista, kabla ya kuwapeleka watoto Unguja, waulizeni jina kamili la binti anayewafulia nguo. Nasi wazazi tuulizane alilipwa lini.