Manowari Petard na Askari Wetu wa Mizinga



Tumeombwa kusema habari za Petard, manowari ya Waingereza ya kusindikiza meli. Wengine watauliza, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu ya msafara uliotoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo. Zilikuwa meli tano za abiria. Moja, Khedive Ismail, ilichukua watu 1,511, na karibu elfu moja kati yao ni kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Wauguzi wanawake pia walikuwamo.

Kazi ya kusindikiza ni kama ya mlinzi wa usiku: kuzunguka, kusikiliza chini ya maji kwa chombo, na hakuna asifuye kama halikutokea neno. Petard ilikwisha jipatia jina. Oktoba 1942, karibu na Port Said, mabaharia wake waliingia katika sabmarini ya Kijerumani iliyokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya maandishi ya siri. Wawili walizama nayo. Aliyepona ni kijana wa kantini, Tommy Brown, miaka 16, aliyedanganya umri wake apate kuandikwa kazi. (Vijana wa namna hiyo tunawajua.)

Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, sabmarini ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Dakika mbili hazikutimia, imezama. Waliokuwa vyumba vya chini hawakuiwahi ngazi.

Hapa ndipo penye uchungu. Sabmarini ilijificha chini ya watu wetu waliokuwa wakiogelea. Meli nne nyingine zilikuwa zimejaa watu, na adui akiachwa angezipiga nazo. Basi Petard na mwenzake Paladin wakatupa mabomu ya kulipukia majini, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakauawa na walinzi wao wenyewe. Kuhukumu tukiwa tumeketi kitini ni rahisi mno, nasi hatuhukumu. Lakini hatupendi habari hii isimuliwe kwa kurukwa sehemu hiyo.

Sabmarini ikaibuka. Paladin ilipoiendea ikapasuliwa ubavu. Petard ikapiga topido moja baada ya moja, hata ya saba ikaimaliza.

Walipona wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Mwanachama mwenye babu au jamaa aliyekuwa katika kikosi cha 301 na amwone katibu, jina liandikwe.