KUUNGA NYAYA: KUBANA AU KULEHEMU?

Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi



Huenda wengine wataona kwamba habari za nyaya si kazi ya mkaguzi wa vitabu. Lakini mizani ya betri inapozimika katikati ya ununuzi, mkulima aliyesimama na gunia lake hafikirii kiungo cha waya; hufikiri kwamba karani anataka kumpunja. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Kulehemu ni kuyeyusha bati na risasi juu ya nyaya ili zishikane. Kubana ni kutia ncha ya waya uliomenywa ndani ya kichwa cha shaba, kisha kukikandamiza kwa koleo maalumu.

Mafundi wetu wengi wamezoea kulehemu, nami siwalaumu. Ndani ya redio, ambamo vipande vidogo hukaa juu ya kibao, lehemu ndiyo yenyewe. Nyaya za betri na za paneli ya jua ni habari nyingine. Lehemu ya bati 60 na risasi 40 kwa mia huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, na kiungo kibovu chenye mkondo mkubwa chaweza kufika huko. Tena hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu. Pale ugumu unapokoma ndipo waya hukatika ukitikiswa, kama ule wa mizani inayobebwa kutoka kituo hadi kituo. Wala ncha iliyolehemiwa isifungwe chini ya skrubu: lehemu ni laini, hubonyea polepole, skrubu ikalegea, joto likaanza. Katika ghala la pamba, sina haja ya kueleza linalofuata.

Kubana nako kuna masharti. Kichwa chekundu ni cha waya wa milimita mraba 0.5 hadi 1.5, cha buluu 1.5 hadi 2.5, cha manjano 4 hadi 6. Nyundo na meno havibani. Asiye na koleo linalofaa ni afadhali alehemu vizuri kuliko kubana vibaya.

Koleo hilo ni mzigo kwa mtu mmoja. Chama kilinunue, kiliandike katika daftari la mali, na wanachama wenye kazi zao za nyumbani waliazime kwa saini.

Kabla ya msimu, tenganisheni betri, kisha vuteni kila kiungo kwa mkono. Kitakachotoka kikatwe, na kichwa kipya kitiwe.