Mshipi wa Nani Ukazwe Kwanza?

Wahafidhina wana hoja nzito kuhusu fedha za umma. Serikali itumie ilicho nacho, iwe ndogo, na bei ziachiwe soko. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022, alianza na hoja hiyo. Kesho yake ruzuku ya petroli ikaondolewa, na lita moja jijini Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159 hadi 179. Mwananchi akakaza mshipi. Lakini Machi 2023 wakateuliwa mawaziri wasaidizi 50, wale tunaowaita CAS, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha uteuzi huo Julai. Sioni kosa katika wazo lenyewe. Kosa limo katika zamu: raia huanza kubana matumizi, ofisi hufuata ikilazimishwa.

Mtetezi wa serikali atasema madeni yalirithiwa, na kwamba mkopo wa Eurobond wa dola bilioni 2 ulipaswa kulipwa Juni 2024. Ni kweli. Atasema pia kwamba kushinda uchaguzi ni kuingia na washirika wanaodai vyeo, na hata Marekani chini ya Rais Reagan, mhubiri mkuu wa serikali ndogo, deni lilikaribia kuongezeka mara tatu. Hayo nayo ni kweli. Lakini tazameni tarehe. Juni 25, 2024 vijana waliingia bungeni wakipinga Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Julai 5 alitangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali, washauri wapunguzwe kwa nusu, na bajeti za ofisi za wake wa viongozi ziondolewe. Yaliyoshindikana kwa karibu miaka miwili yakawezekana kwa siku kumi. Basi deni halikuwa kizuizi.

Wala sisemi kila ruzuku ni dhambi. Mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu aliyenunua gunia la mbolea la kilo 50 kwa shilingi 2,500 hatajali kama nadharia imevunjwa. Atajali kilichomo ndani ya gunia, na mwaka 2024 baadhi ya magunia yalikutwa na bidhaa isiyofaa. Mkaguzi wa mbolea ni gharama inayostahili kulipwa.

Wahitimu, baadhi yenu mtaajiriwa katika ofisi za kaunti hapa Eldoret. Bajeti ikiletwa mezani, someni kwanza ukurasa wa safari, chai na posho za wakubwa, kabla hamjafungua ule wa ada za mama mboga.